Regent Park: kota zilizojengwa kwa kura, zikavunjwa kwa awamu

Tingatinga lililoingia Regent Park mwaka 2005 bado halijamaliza kazi. Awamu tatu za kwanza za kuvunja na kujenga upya zilikabidhiwa kampuni ya Daniels. Mbili zilizobaki zimekwenda kwa Tridel, na zikikamilika, karibu kila kilichokuwa cha zamani katika mtaa huu wa mashariki mwa katikati ya Toronto kitakuwa kimeondoka. Anayeshuka leo kwenye tramu ya barabara ya Dundas anakuta maghorofa ya vioo, benki, duka kubwa la vyakula na bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo. Hakuna kinachomwambia kwamba ni hapa Kanada ilipojifunza, kwa mara ya kwanza na kwa ukubwa, kumpangishia nyumba mtu asiye na uwezo.

Habari inaanza Machi 1934. Toronto ilikuwa inatimiza miaka 100 na wakubwa wamejiandaa kusikia sifa za jiji lao. Herbert Bruce, Luteni Gavana wa jimbo la Ontario na daktari wa upasuaji kwa taaluma, akasimama akawaambia mbele ya wote kuwa kuna raia wao wanaoishi katika nyumba za aibu. Kamati ikaundwa, na ripoti yake ya mwaka huo huo ikaitaja Cabbagetown, mahali ilipokuja kujengwa Regent Park, miongoni mwa mitaa inayostahili kuvunjwa na kujengwa upya. Kisha vita vikaja, ripoti ikalala kabatini.

Iliamshwa kwa sanduku la kura. Tarehe 1 Januari 1947 wapiga kura wa Toronto waliulizwa kama wanakubali jiji litumie dola milioni 5.9 kujenga Regent Park. Walikubali. Ujenzi ukaanza 1948, na mwaka uliofuata familia ya kwanza ikahamia. Sijui ni jiji gani leo lingethubutu kuwauliza walipa kodi swali kama hilo na kutegemea jibu lile.

Mengi tunayoyajua kuhusu miaka hiyo yametoka kwa Albert Rose, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Toronto aliyechapisha kitabu kuhusu Regent Park mwaka 1958. Rose hakuwa mtazamaji tu. Alikuwa miongoni mwa waliopigania mradi huo, na kitabu chake kinasomeka hivyo. Anaona afya bora, watoto waliotulia, mabafu, joto la kutosha wakati wa baridi. Majengo yenyewe yalikuwa ya matofali mekundu, ya ghorofa tatu na sita, yaliyokaa kama misalaba juu ya nyasi. Barabara za zamani zilizibwa ili magari yasipite katikati. Uamuzi huo ulisifiwa sana siku hizo. Miaka 50 baadaye ukalaumiwa kwamba ndio ulioutenga mtaa na jiji.

Lakini jambo kubwa halikuwa matofali, ilikuwa kodi. Mpangaji wa Regent Park hakulipa bei ya soko, alilipa kwa kadiri ya kipato cha familia. Utaratibu huo ungalipo Ontario: kwa kawaida kaya inalipa asilimia 30 ya mapato yake. Mwenye kupata dola 2,000 kwa mwezi hulipa 600, wakati chumba kimoja cha kulala kwenye matangazo ya Toronto kimezidi 2,000 peke yake. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mwenye nyumba wako anataka kujua kila senti inayoingia. Ukipata kazi ya pili, kodi inapanda. Katika miaka ya mwanzo kulikuwa pia na ukaguzi: familia inayoomba nafasi ilitembelewa kwanza ilikokuwa ikiishi, na usafi wake ukaangaliwa.

Mwaka 1953 shirika la filamu la taifa lilitoa filamu fupi, Farewell Oak Street, iliyoongozwa na Grant McLean, sauti ya msimulizi ikiwa ya Lorne Greene. Sehemu ya kwanza inaonyesha Oak Street ilivyokuwa kabla ya Regent Park: familia zimebanana nyumba moja, kunguni, choo kimoja cha watu wote. Sehemu ya pili ni nyumba mpya na beseni jeupe la kuogea. Wakubwa walifurahi, wapangaji wakakasirika. Walisema wameonyeshwa kama watu wachafu waliofundishwa kuoga na serikali, na walikuwa na haki ya kukasirika. Umaskini wa Oak Street ulikuwa wa mabomba mabovu na wenye nyumba wasiokarabati.

Upande wa kusini wa Regent Park ulimalizika mwishoni mwa miaka ya 1950, ukiwa na minara mitano ya msanifu Peter Dickinson, ya ghorofa 14 kila mmoja. Jiji likaonja utamu, likatazama ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo lilipokutana na Trefann Court.

Trefann ni kipande kidogo tu, kati ya barabara za Parliament, River, Shuter na Queen. Mwaka 1966 jiji lilitangaza kuwa nacho kitavunjwa. Graham Fraser, aliyeandika kitabu kizima juu ya ugomvi huo mwaka 1972, anaonyesha kuwa wenyeji hawakushtushwa na habari yenyewe. Tetesi za bomoabomoa zilikuwa zimezagaa kwa miaka, na tetesi hizo ndizo zilizokuwa zinauua mtaa. Nani apige rangi nyumba anayojua itaangushwa? Paa linavuja, bei inashuka, kisha mthamini anakuja kukokotoa fidia kwa bei hiyo hiyo iliyoshuka. Fidia hiyo hainunui nyumba nyingine popote jijini. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuamka akakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake hahitaji kufafanuliwa.

Waliokataa walipata msaada wa kijana wa miaka 25 aliyetoka kusomea sheria, John Sewell. Hakuwa mwenyeji wa pale. Alipita nyumba kwa nyumba, akaitisha mikutano, akawafuata madiwani mpaka wakamchoka. Hata hivyo tusiwapake wenyeji mafuta: wenye nyumba na wapangaji hawakuvuta kamba upande mmoja. Mwenye nyumba alitaka fidia nono au aachwe na mali yake. Mpangaji alitaka mahali pa kulala anapopamudu. Walizozana wao kwa wao karibu sawasawa na walivyozozana na jiji, na Fraser hafichi hilo. Mwishowe mpango wa kuvunja ukatupwa, na wakazi wakaketi meza moja na wapangaji miji wa serikali kuamua nini kijengwe na nini kibaki. Katika miaka hiyo hiyo sheria ya Ontario ya kutwaa ardhi nayo ilirekebishwa, ili anayeondolewa nyumbani apate cha kumwezesha kupata nyumba nyingine inayolingana. Sewell akachaguliwa diwani Desemba 1969, akawa meya 1978. Mwaka 1986 alipewa uenyekiti wa mamlaka iliyokuwa inasimamia nyumba za umma za jiji, Regent Park ikiwamo. Mpinga tingatinga akawa mwenye nyumba.

Ushindi wa Trefann ulikuwa na gharama isiyosemwa sana. Mwaka 1969 kikosi kazi cha waziri wa shirikisho Paul Hellyer nacho kililaani miradi mikubwa ya aina ya Regent Park, na toka hapo lawama zikawa ni za majengo. Wachache waliuliza nani analipia ukarabati wake. Vyama vya ushirika vya nyumba vilijaza pengo kwa muda, halafu fedha zikakauka: serikali ya shirikisho iliacha kufadhili nyumba mpya za aina hii mwaka 1993, Ontario ikafuta miradi yake 1995. Mwaka 1998 sheria ikamruhusu mwenye nyumba kupanga kodi apendavyo kila mpangaji anapohama. Mwaka 2002 mzigo wote wa Toronto ukatupiwa shirika jipya la jiji, Toronto Community Housing, pamoja na mabomba yaliyochakaa.

Regent Park ikavunjwa ili ardhi yake ilipie nyumba zake: ghorofa za kuuza zinabeba zile za kodi nafuu, nyumba 2,083 zinazopaswa kurudishwa. Wapangaji waliahidiwa haki ya kurejea. Ni ahadi ile ile waliyopewa wa Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, familia 644 zilizosubiri karibu miaka kumi hadi Rais Samia alipozindua majengo mapya Machi 2022. Hapa Toronto baadhi ya nyumba za fidia zilijengwa nje kabisa ya mtaa, kama kule namba 60, barabara ya Richmond mashariki, na wapo waliolalamika kuwa huko si kurejea.

Kilomita kama tatu kutoka Oak Street, kiangazi cha 2023, waomba hifadhi walilala kwenye lami ya Peter Street, nje ya ofisi ya jiji ya malazi. Wakenya na Waganda walikuwamo. Jiji lilisema vituo vimejaa na huo ni mzigo wa serikali ya shirikisho huko Ottawa. Makanisa ya Waafrika na Wakaribi, kama Revivaltime Tabernacle, yaliwafungulia milango kabla serikali hazijamaliza kubishana, na Julai 18 shirikisho likatoa dola milioni 97 kwa Toronto. Foleni ya nyumba za kodi kwa kipato ilikuwa na kaya zaidi ya 80,000. Jiji lililopiga kura mwaka 1947 lilikuwa maskini kuliko hili.

Kwa ndugu aliyefika juzi: mwombaji wa hifadhi anaruhusiwa kuingia katika foleni hiyo, na kujiandikisha ni bure. Jiandikishe wiki ya kwanza, maana kusubiri kunahesabiwa kwa miaka. Ukihama, badilisha anwani yako huko mara moja, kwani barua isiyojibiwa inaweza kufuta jina. Na kabla ya kusaini mkataba wa mwenye nyumba binafsi, uliza jengo lilianza kukaliwa lini: nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 hazina kikomo cha kupandishwa kodi.