Tupa na Pumzi

Bastola yangu niliisubiri miezi 14. Aliyeiunda ni mzee mmoja hapa Texas, mwenye karakana ndogo kuliko jiko la mama kule Tabora. Siku niliyoivuta sehemu ya juu kwa mara ya kwanza, iliteleza kama imepakwa samli. Nikamkumbuka marehemu baba, fundi wa reli, na tupa yake.

Asili ya bastola yangu ni ile aliyoibuni John Browning, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Vyuma vyake viliachiwa nafasi makusudi, ili matope na mchanga wa vita visiikwamishe. Askari alifaidika, mlenga shabaha hakuridhika. Kwenye mashindano ya Camp Perry, Ohio, mtu hufyatua kwa mkono mmoja, akilenga duara jeusi lililo umbali wa yadi 50. Hapo mtutu ukicheza kidogo tu, risasi huenda kando.

Mafundi wakaziondoa nafasi hizo kwa mkono: wakabana reli za fremu, wakapachika mtutu kwa kipimo, wakalainisha kifyatulio. Jim Clark wa Louisiana alikuwa fundi na mlengaji pia. Mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa.

Kila Jumamosi, uwanjani, navaa vizibo vya masikio na kupakia risasi tano. Navuta pumzi, naiachia nusu, nabana kidole polepole. Matundu yote matano hufunikwa na kiganja cha mtoto. Jicho ni langu. Utulivu ule ni wa mikono ya fundi.