Utambuzi wa nasaba za bakteria hospitalini

Utambuzi wa nasaba za bakteria ni kazi ya maabara ya kubaini kama vijidudu vya wagonjwa mbalimbali vina asili moja. Humsaidia daktari kujua iwapo mgonjwa alikuja na maambukizi yake au aliyapatia wodini. Jina la spishi halitoshi: wagonjwa wawili wanaweza kuwa na Klebsiella pneumoniae zisizo na undugu wa karibu.

Njia moja iliyozoeleka ni kuikata DNA kwa kimeng'enya, kisha kuvivuta vipande kwa umeme ndani ya jeli hadi vijipange kama vidato vya ngazi. Vidato vya sampuli mbili vikilingana, undugu hushukiwa. Njia nyingine husoma sehemu za jeni saba na kuipa nasaba namba, kama ST14. Siku hizi husomwa jenomu nzima.

Mfano wa Nairobi unatia uchungu. Kati ya 2007 na 2009, Klebsiella sugu kwa karbapenemu, dawa za akiba kwa wagonjwa mahututi, zilipatikana kwa wagonjwa saba wa wodi tofauti za hospitali moja ya rufaa, nyingi katika mkojo. Ripoti ya 2011 ilionyesha kuwa zote zilikuwa ndugu, za nasaba ST14 iliyokwisha kuripotiwa India, na zilibeba NDM-1, jeni inayoleta usugu huo. Wodi mbalimbali, nasaba moja: hapo ndipo wauguzi huanza kukagua mipira ya mkojo, masinki na mikono. Nchini Kenya pia, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, imetumia mbinu hizihizi kufuatilia bakteria sugu wa Salmonella.