Timu ya Futiboli ya Sewanee, Msimu wa 1899

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Kusini, maarufu kwa jina la mji wake, Sewanee, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, ilicheza mechi 12 katika msimu wa 1899 na kushinda zote. Ilifunga pointi 322 na kufungwa 10 tu. Msimu huo unakumbukwa zaidi kwa safari ya treni ya mwezi Novemba, ambapo timu ilishinda mechi tano za ugenini ndani ya siku sita bila kuruhusu pointi hata moja.

Chuo na timu

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1857 na Kanisa la Episkopali juu ya uwanda wa milima wa Cumberland. Wakati huo kilikuwa chuo kidogo, kikipokea wanaume weupe pekee. Kocha wa timu alikuwa Billy Suter, aliyetoka Princeton, na nahodha alikuwa Henry Seibels, aliyejulikana kwa jina la utani la Diddy. Mipango ya mechi, fedha na usafiri ilikuwa mikononi mwa meneja Luke Lea, ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Timu ilishiriki katika SIAA, chama cha michezo cha vyuo vya Kusini kilichoundwa mwaka 1894.

Kanuni za wakati huo

Futiboli ya 1899 ilitofautiana sana na ya leo. Kurusha mpira mbele kwa mkono hakukuruhusiwa hadi mwaka 1906, hivyo timu ilisonga mbele kwa kukimbia na mpira, kusukumana na kupiga mateke. Timu yenye mpira ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5. Ikishindwa, mpira ulikwenda kwa wapinzani. Kuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani kulileta pointi 5, na teke la nyongeza baada ya hapo pointi 1. Goli la teke kutoka uwanjani nalo lilikuwa na thamani ya pointi 5. Kofia ngumu hazikuwa za lazima. Mchezaji aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi, kwa hiyo wachezaji wale wale 11 walishambulia na kulinda, mara nyingi tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho wake. Kwa kanuni hizo, kucheza siku mbili mfululizo kulikuwa mzigo mkubwa, seuze siku tatu.

Mwanzo wa msimu

Mechi mbili za kwanza zilichezwa Atlanta. Tarehe 21 Oktoba Sewanee iliishinda Georgia 12–0, na siku mbili baadaye ikaifunga Georgia Tech 32–0. Ikirejea nyumbani, iliichapa Tennessee 46–0 tarehe 28 Oktoba na Southwestern Presbyterian 54–0 tarehe 3 Novemba.

Safari ya Novemba

Chanzo cha safari kilikuwa fedha. Mechi dhidi ya Vanderbilt, mahasimu wakubwa wa Sewanee, haikufanyika mwaka huo kwa sababu vyuo hivyo viwili vilikosana kuhusu mgawanyo wa mapato ya mlangoni. Ili kufidia pengo hilo, Lea alipanga mfululizo wa mechi katika miji ya mbali, timu ikisafiri kwa reli takribani maili 2,500, yaani kilomita 4,000.

Safari ilianza kwa ushindi wa 12–0 dhidi ya Texas mjini Austin, Alhamisi tarehe 9 Novemba. Ijumaa timu ilikuwa Houston, ikaishinda Texas A&M 10–0, na Jumamosi ikaifunga Tulane 23–0 mjini New Orleans. Jumapili haikuwa na mechi. Jumatatu tarehe 13 ilicheza na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mjini Baton Rouge na kushinda 34–0, na Jumanne ikamaliza kwa kuishinda Mississippi 12–0 mjini Memphis. Kwa jumla, matokeo ya mechi hizo tano yalikuwa 91–0.

Mwisho wa msimu

Baada ya kurudi Tennessee, Sewanee iliifunga Cumberland 71–0 tarehe 20 Novemba, ushindi wake mkubwa kuliko wote wa mwaka huo. Mtihani mgumu zaidi ulikuja tarehe 30 Novemba mjini Montgomery, dhidi ya Auburn. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, ambaye jina lake limepewa tuzo ya kila mwaka ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Sewanee ilishinda 11–10, na Auburn ikawa timu pekee ya msimu mzima iliyopata pointi dhidi yake. Siku mbili baadaye, mjini Atlanta, goli moja la teke lilitosha kuishinda North Carolina 5–0. Sewanee ikatwaa ubingwa wa SIAA.

Baada ya 1899

Luke Lea alikuwa seneta wa Tennessee kuanzia 1911 hadi 1917. Januari 1919, akiwa kanali wa jeshi, aliongoza kikundi cha wanajeshi wa Marekani kilichoingia Uholanzi kwa nia ya kumkamata Kaisari Wilhelm II, lakini hakikufanikiwa. Seibels aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo mwaka 1973.

Kadiri vyuo vikubwa vya majimbo vilivyozidi kukua, Sewanee ilishindwa kwenda navyo sambamba. Ilikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi 13 wa ligi ya SEC mwaka 1932, lakini ilijitoa mwaka 1940 bila kushinda hata mechi moja ya ligi hiyo. Leo inacheza katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako wanamichezo hawapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo.