Taji na Daraja la Muda la Meno: Namna ya Kukabiliana na Maumivu Hadi Siku ya Kuwekewa la Kudumu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa Butimba anayetoka kwa daktari wa kinywa na meno akiwa amewekewa taji la muda huondoka na mambo mawili: jino lililofunikwa na tarehe ya kurudi. Maumivu madogo ya siku za mwanzo humkumbusha jino. Yanapotulia, wapo wanaoisahau tarehe, na hapo ndipo hasara huanza. Makala hii inaeleza kwa nini taji au daraja la muda huleta usumbufu, mwananchi afanye nini nyumbani ili kuupunguza, na ni dalili zipi zinazomtaka arudi kwa mtaalamu bila kusubiri.

Taji na daraja la muda ni nini

Taji ni kifuniko kinachovalishwa jino lililooza sehemu kubwa, lililovunjika au lililotibiwa mzizi, ili lipate tena umbo na nguvu ya kutafuna. Daraja huziba pengo la jino lililong'olewa kwa kuegemea meno ya jirani yanayokuwa kama nguzo zake. Kabla ya kuweka kimojawapo, daktari husaga jino pande zote, huchukua vipimo vya kinywa na kuvipeleka maabara ya meno, ambako taji la kudumu hutengenezwa kwa kauri, metali au mchanganyiko wa vyote viwili. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu.

Katika kipindi hicho jino lililosagwa haliwezi kuachwa wazi. Hufunikwa kwa taji la muda, mara nyingi la plastiki ngumu, na kushikizwa kwa saruji ya meno yenye nguvu ndogo. Udhaifu huo ni wa makusudi: daktari anahitaji kulitoa taji hilo kwa urahisi siku ya kuweka la kudumu. Kwa sababu hiyo, taji la muda halipaswi kutarajiwa kufanya kazi ya taji kamili.

Sababu za usumbufu

Sababu ya kwanza ni jino lenyewe. Tabaka la nje linaposagwa, tabaka la ndani hubaki karibu zaidi na kiini chenye neva. Ndiyo maana maji baridi, chai ya moto au kitu kitamu husababisha mshtuko wa sekunde chache. Hali hii kwa kawaida hupungua siku hadi siku.

Sababu ya pili ni fizi. Wakati wa kusaga na kuchukua vipimo, fizi husukumwa na huweza kuchubuka, hivyo huuma na hata kutoa damu kidogo siku mbili tatu za mwanzo.

Sababu ya tatu ni kimo cha taji. Likizidi meno mengine hata kwa unene wa karatasi, jino hilo hupokea uzito wote wa kutafuna. Mgonjwa huhisi maumivu kila anapofunga kinywa. Hali hii haiponi kwa dawa za maumivu. Huponywa kwa kurudi kwa daktari ili alipunguze taji, kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika chache.

Sababu ya nne ni taji kulegea. Mate na mabaki ya chakula hupenya chini yake, jino likaanza kuuma upya na kinywa kikatoa harufu au ladha mbaya.

Mambo ya kufanya nyumbani

Saa za mwanzo, wakati ganzi bado ipo, mgonjwa asitafune chochote wala kunywa kinywaji cha moto, kwa kuwa anaweza kujiuma ulimi au shavu, au kujiunguza, bila kuhisi.

Baada ya hapo, kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi husaidia kutuliza fizi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji kinatosha. Sukutua mara tatu au nne kwa siku, hasa baada ya kula, kisha tema.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kutumia parasetamoli, vidonge 1 hadi 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidisha vidonge 8 ndani ya saa 24. Ibuprofeni hupunguza uvimbe pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu, mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiitumie kabla ya kumwuliza mtaalamu. Kidonge humezwa. Kukiweka juu ya fizi inayouma huiunguza, sawa na mafuta ya karafuu yakimiminwa moja kwa moja bila kupunguzwa makali.

Mwananchi asinunue antibaiotiki kwa kukisia. Haziondoi ganzi ya baridi wala hazipunguzi kimo cha taji, na matumizi yake holela huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Zitumike pale tu mtaalamu anapothibitisha maambukizi na kuziandika.

Chakula

Tafuna kwa upande usiotibiwa. Sato wa kuchemsha au wa mchuzi aliyeondolewa miiba, ugali laini, wali, ndizi za kupika, mboga za majani na viazi vitamu vilivyochemshwa havina tabu. Vyakula vya kuepuka ni vigumu na vinavyonata: miwa, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, kashata, dagaa waliokaangwa wakakauka, na bazoka. Matobolwa, ambayo ni chakula kipendwacho katika nyumba nyingi za Usukumani, yaachwe kwa muda au yalowekwe hadi yalainike, kwa kuwa ugumu wake huweza kulivunja taji la plastiki au kuling'oa. Epuka pia kufungua chupa au kukata uzi kwa meno.

Usafi

Wapo wanaoacha kupiga mswaki upande wenye taji wakihofia litatoka. Kufanya hivyo huongeza maumivu, kwa sababu utando wa bakteria hujikusanya ukingoni mwa taji na kuvimbisha fizi. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, taratibu, hadi ukingo wa fizi. Dawa maalumu kwa meno yanayohisi baridi inaweza kusaidia. Anayetumia uzi wa kusafishia meno auchomoe kwa kuuvuta pembeni badala ya kuuinua juu, ili usinyanyue taji. Mwenye daraja aombe kuelekezwa namna ya kusafisha chini ya jino la bandia, mahali ambapo mswaki haufiki.

Anayesaga meno usingizini amweleze daktari mapema, kwani tabia hiyo hulegeza taji na kuacha taya likiwa na maumivu asubuhi.

Taji likitoka

Taji la muda kutoka si jambo la kuogopesha, ila halipaswi kupuuzwa. Lichukue, lioshe kwa maji safi, lihifadhi katika kichupa au mfuko safi, kisha piga simu kwa kliniki iliyokuhudumia uombe nafasi siku hiyo au inayofuata. Jino lisafishwe kwa mswaki laini na lisitumike kutafunia.

Ikibidi kusubiri, na taji likiwa zima, daktari anaweza kukuelekeza ulirudishe kwa muda kwa kutumia dawa kidogo ya mswaki au saruji ya muda inayopatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Litolewe kabla ya kulala, ili lisimezwe wala kuingia njia ya hewa. Gundi ya viatu, ya mbao au gundi kali za dukani zisitumike kamwe: zina kemikali zinazounguza fizi na kudhuru kiini cha jino, na huzuia taji la kudumu kukaa sawasawa.

Jino likiachwa wazi kwa siku nyingi, meno ya jirani husogea na lile linaloligusa kutoka taya la pili hushuka au kupanda. Taji la kudumu likifika, halikai tena. Vipimo huchukuliwa upya, na gharama hulipwa upya.

Kupanga tarehe na gharama

Kwa wakazi wa Sengerema na Geita, kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025 kumerahisisha safari ya kufika Mwanza. Wananchi wa Ukerewe, Ukara na Kome bado hutegemea usafiri wa majini, hivyo ni busara kwao kupanga tarehe ya kurudi kabla ya jino kusagwa, na kuondoka na namba ya simu ya kliniki.

Vilevile, uliza gharama ya kazi yote tangu mwanzo, taji la kudumu likiwemo, na kama bima yako inalipia huduma hiyo. Kuanza matibabu kwa fedha ya taji la muda pekee ni kujiweka katika hatari ya kukaa nalo miezi, likivuja na kuozesha jino lililokusudiwa kuokolewa. Hakikisha pia anayekuhudumia amesajiliwa na anafanya kazi katika kituo chenye kibali. Usajili wa madaktari wa meno husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Dalili za hatari

Rudi kwa daktari mapema iwapo maumivu yanaongezeka baada ya siku tatu au nne badala ya kupungua, jino linapwita lenyewe usiku, baridi au joto huacha maumivu yanayodumu dakika kadhaa, taji limevunjika, au fizi inatoa usaha. Mwenye kisukari asisubiri, kwa kuwa maambukizi ya kinywa huweza kusambaa haraka kwake.

Uvimbe wa uso au shingo, homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida ni dharura. Mgonjwa apelekwe mara moja, usiku au mchana, katika hospitali iliyo karibu. Kwa wakazi wa Butimba, Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana ipo katika eneo lao, na zaidi ya hapo zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando.

Wananchi wanakumbushwa kuwa taji la muda limetengenezwa kulinda jino kwa wiki chache tu. Maumivu yakitulia kabla ya tarehe uliyopewa, matibabu bado hayajakamilika. Rudi siku hiyo.