Jino na Dirisha: Tarehe ya Komeo la Kisu cha Kukunja

Mtu akisimama juu ya Gihosha, mtaa wa Bujumbura, akautazama mto Ntahangwa unavyoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, ukipita kando ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi wa magari, huwa anaitazama nchi ambayo tangu zama za kale haikupungukiwa na chuma wala na watu wa kukifua. Kwani matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyofukuliwa katika Burundi na Rwanda, pamoja na vigae vya ufinyanzi uitwao Urewe, yathibitisha kuwa sanaa hii ilikuwa imekwisha kukita huku karne nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani kulifikia ziwa. Mhunzi wa Kirundi alifua jembe, mkuki na kisu; lakini kisu chake kilikuwa imara kwa asili yake, shina la ubapa likizamishwa katika mti wa mpini, wala hapakuwa na haja ya kitu cha kuuzuia usirudi. Kisu cha kukunja kilikuja baadaye na bidhaa za wageni, na maarifa mapya kiliyokuja nayo yalikuwa katika komeo lake.

Kukunja kwenyewe ni jambo la kale, maana hata Warumi walikuwa na visu vya namna hiyo. Walioitia nguvu hila ya komeo ni mafundi wa Hispania, ambao katika kisu chao kiitwacho navaja, kilichousifisha mji wa Albacete, waliweka mgongoni springi ndefu ya chuma, wakaitoboa dirisha dogo, na katika kisigino cha ubapa wakachonga meno. Ubapa ukifunguliwa, meno hupita mojamoja chini ya springi kwa mlio unaosikika mbali, hata jino la mwisho lidumbukie dirishani na kisu kisikunjike tena mpaka springi iinuliwe.

Hila hiyo ndiyo iliyotiwa katika kisu ambacho Afrika imekijua kuliko kingine chochote cha jinsi yake. Mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanazuoni wa Ulaya kumtambua okapi, mnyama wa msitu wa Ituri huko Kongo, Wajerumani walianza kutengeneza kisu chenye jina la mnyama huyo, wakikikusudia kwa makoloni yao ya Afrika. Urundi ilikuwa ndani ya soko hilo: askari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kupiga kambi Usumbura (Bujumbura ya leo), Mwami Mwezi Gisabo akalazimika kukubali mapatano ya Kiganda mwaka 1903, na reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, miaka miwili kabla ya Wabelgiji kuiteka Usumbura. Mpini wa okapi ni wa mti, umepambwa kwa mwezi mchanga na nyota, na mwisho wa springi yake pana pete ya kuvutia kwa kidole. Kisu hicho hicho kilivuka bahari hata Jamaika, kikavuma huko.

Sasa tuingie karakana. Fundi atakaye kukata komeo kama hilo kwa mkono, akiwa na kipande cha springi ya gari kuukuu, hana budi kwanza kukilainisha kwa kukitia moto hata kiwe chekundu, kisha kukizika katika majivu kipoe taratibu. Ndipo tupa itakapokishika. Tundu la riveti hutobolewa mwanzo, maana vipimo vyote huanzia hapo. Dirisha hutobolewa kwa keekee, matundu madogo yakipangwa mstari mmoja, kisha pembe zake hunyooshwa kwa tupa nyembamba. Jino huachwa nene kuliko lipasavyo. Fundi hupaka kisigino masizi, hukusanya kisu kwa riveti ya muda, hufungua na kufunga, kisha hutazama ni wapi masizi yamefutika, na hapo, hapo tu, hupitisha tupa mara mbili au tatu, akakusanya upya. Kazi hii haikubali haraka: chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi, na jino lililopunguzwa kupita kiasi humwacha mwenye kisu na ubapa unaotikisika.

La kuangaliwa zaidi ni uso wa jino unaobeba mzigo. Uso huo wapasa kuuelekea moyo wa riveti. Ukilala kwa nje, ubapa ukisukumwa utaiinua springi wenyewe na kuangukia vidole, na ukilala mno kwa ndani, jino litakwama dirishani na pete haitafaa kitu. Chini ya kila pengo la meno pembe huviringishwa kidogo, kwa sababu pembe kali ndipo ufa uanziapo chuma kinapotumbukizwa katika mafuta kikiwa na moto. Baada ya hapo ubapa hupashwa tena hata upate rangi ya majani makavu, ili ushike makali, nayo springi hupelekwa mbele hata iwe buluu, ili ipinde isivunjike.

Makomeo mengine yamekuja tangu hapo. Joseph Opinel wa Savoie, aliyeanza kutengeneza visu vyake mwaka 1890, hakuvitia komeo. Pete yake ya kuzunguka iliongezwa mwaka 1955. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker alieneza komeo la bamba linalojipenyeza nyuma ya ubapa, na Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, akalikata komeo katika ubavu wenyewe wa mpini. Hizo ni kazi za ustadi mkubwa, nami naziheshimu. Lakini zataka vipimo ambavyo aghalabu ni mashine tu ivitoayo, ilhali komeo la meno hukatwa kwa tupa, keekee na jiliwa, na likichakaa kila mtu huliona na kulisikia.

Kazi ya kutengeneza okapi ilihamia Afrika Kusini mwaka 1988, huko Isithebe katika KwaZulu-Natal, na kwa hivyo kisu kilichobuniwa ili Mwafrika akinunue sasa hutoka mikononi mwa Waafrika. Ningependa Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yaweke kimoja kilichong'olewa riveti, ubapa mbali na springi mbali, pamoja na tupa iliyotumika, na kijana wa Gihosha aruhusiwe kukishika.