Miguu Mitatu ya Bombom: Historia ya Stendi Nyepesi

Leo tuweke kodi kando kidogo. Wengi tukisikia habari za bunduki za rashasha, zile wazee wetu waliziita bombom, tunafikiria mtutu na risasi. Stendi inayoishikilia hakuna anayeiuliza. Lakini mimi napenda sana vile vitu vinavyobeba vitu vingine, na hiki kina historia tamu.

Kwanza, mbona miguu mitatu? Mama yeyote aliyepika kwa kuni anajua jibu. Mafiga ni matatu, na sufuria haitikisiki hata jiko likiwa kwenye mteremko. Ukiweka manne, moja litaning'inia. Pointi tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Hiyo ni jiometri tu.

Hiram Maxim alibuni bunduki yake mjini London mwaka 1884. Ilijipakia yenyewe kwa kutumia nguvu ya msukumo wa nyuma, na ilipozwa kwa maji. Majeshi mengi yaliichukulia kama mzinga mdogo, kwa hivyo yakaiwekea magurudumu. Warusi waliendelea hivyo hivyo: Maxim yao ya 1910 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, lakini ukiongeza kigari na ngao ilipita kilo 60!

Waingereza wakaja na Vickers mwaka 1912. Bunduki bila maji ilikuwa kilo 15 hivi, stendi kilo 22 hivi. Yaani kibebaji kilikuwa kizito kuliko kinachobebwa.

Na kilo hizo zilibebwa na nani? Hapa historia inaingia kwetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, basi mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Bunduki, stendi, risasi, unga, vyote. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi nyumbani. Wengi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndiko yalikotoka majina ya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kwa mhandisi wa kiwandani, kilo 22 ni namba kwenye karatasi. Kwa mpagazi ni shingo.

Sasa utauliza, si wangetengeneza stendi nyepesi tu? Tupige hesabu. Risasi ya Vickers ilikuwa gramu 11 hivi, ikitoka kwa kasi ya mita 740 kwa sekunde. Zikitoka 8 kila sekunde, wastani wa msukumo wa nyuma ni nyutoni 65 hivi, kama mtu anayesukuma kwa uzito wa karibu kilo 7, na hapo hatujahesabu gesi. Tena haisukumi polepole, inagonga. Stendi nyepesi itarukaruka na risasi zitatawanyika. Uzito ulikuwa njia rahisi ya kutuliza fujo.

Suluhisho lilikuja kidogo kidogo. Wamarekani waliondoa maji. Browning M1917A1 ya maji ilikalia stendi ya kilo 24 hivi. M1919A4 iliyopozwa kwa hewa ilikalia stendi ya M2, kilo 6.4 tu. Siri ilikuwa umbo: ifupi, miguu ya nyuma imepanuliwa mbali, na ncha zinazochimba udongo ili ardhi yenyewe ibebe ule msukumo. Wajerumani walichagua njia nyingine. Stendi ya MG34 ilikuwa na springi za kumeza mgongo, ikalenga mbali vizuri sana, lakini ilibaki kilo 20 hivi. Hakuna cha bure.

Warusi nao walitoka kwenye magurudumu. SG-43 ya 1943 pamoja na kigari chake ilikuwa kilo 41 hivi. Bunduki ya PK ya 1961 ilipewa stendi ya kilo 7.7, na PKM ya 1969 ikapata ya kilo 4.5. Katikati ya miaka ya 2000 Marekani ilileta M192, kilo 5.2 hivi, ichukue nafasi ya M122A1 iliyokuwa nzito zaidi.

Je, askari alipata nafuu? Sisi waandishi wa programu tunalijua jibu. Ukiongeza memori, programu zinanenepa mpaka zijaze. Kilo zilizopunguzwa kwenye stendi zilijazwa risasi, betri na fulana za kuzuia risasi. Mgongo ni ule ule.

Kwa hivyo mtu akikuambia kifaa chake kimekuwa chepesi, muulize swali moja: ule uzito umehamia kwa nani? Siku nyingine ukipita Kariokor kununua kiondo, kumbuka jina hilo lilitoka wapi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.