Melbourne ilivyomtimua Norm Smith

Jioni ya Ijumaa, Julai 23, 1965, Norm Smith alikuwa nyumbani kwake jijini Melbourne, Australia, akisubiri mechi ya kesho yake. Mjumbe akamletea karatasi kutoka kwa kamati ya klabu: kuanzia saa hiyo yeye si kocha tena. Ilikuwa imepita miezi kumi tu tangu aipatie klabu hiyo ubingwa wa sita ndani ya miaka kumi.

Mashabiki wa Simba, Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards hawatashangaa. Huku kwetu kibarua cha kocha huota nyasi kabla wino wa mkataba haujakauka, na wiki mbili baadaye tunaanza kumlalamikia aliyefuata. Lakini kutimuliwa kwa Smith hakukusahaulika. Miaka 60 imepita na bado Melbourne inaulizwa habari za ile karatasi.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kandanda ya Australia si soka, wala si raga. Uwanja wake una umbo la yai, mkubwa kuliko wowote tulio nao, na kila upande una wachezaji 18. Mpira nao una umbo la yai. Hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na anayeudaka hewani kutoka kwenye shuti la mbali hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Hakuna kuotea. Kila mwisho wa uwanja pana milingoti minne: ukipitisha mpira katikati ya ile miwili mirefu ni pointi sita, ukiupitisha pembeni ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo yake husomeka kama ya mpira wa kikapu. Enzi hizo ligi ilikuwa ya jimbo la Victoria, yenye klabu 12, nazo karibu zote zilikuwa za jiji la Melbourne. Klabu yenyewe inayoitwa Melbourne ndiyo kongwe kuliko zote, na ilihesabiwa kuwa ya wakubwa: madaktari, mawakili, wanachama wa uwanja mkuu wa kriketi, MCG.

Smith hakuwa mtu wa tabaka hilo. Alikuwa mtu wa karakana, fundi wa mashine, mwenye nywele nyekundu zilizompa jina la utani la Mbweha Mwekundu. Akiwa mchezaji wa mbele alitwaa ubingwa na Melbourne mwaka 1939, 1940, 1941 na 1948, mara zote nne chini ya kocha Frank Hughes, maarufu kama Checker. Akaenda kujifunza ukocha Fitzroy, kisha mwaka 1952 akarudi nyumbani kuinoa Melbourne. Kuanzia 1954 hadi 1960 timu yake haikukosa fainali kuu hata mwaka mmoja. Katika fainali hizo saba ilishinda tano. Mwaka 1964 ikaongeza nyingine, kwa tofauti ya pointi nne dhidi ya Collingwood, na goli la ushindi likafungwa na Neil Crompton, mchezaji wa nyuma aliyejikuta mbele kwa sababu alikuwa anamfuata mtu wake.

Alikuwa mkali. Wachezaji walimwogopa, na wengi walimpenda hivyo hivyo. Kwake hapakuwa na staa wala mtoto wa mkubwa, na kauli zake hazikuchujwa kabla ya kutoka. Mwaka 1963 alimsema vibaya mwamuzi Don Blew, naye mwamuzi akamfungulia shauri la kukashifiwa. Smith aliamini klabu ingesimama naye. Haikusimama kama alivyotaka, na tangu hapo kati yake na kamati pakawa na kidonda. Bert Chadwick, mwenyekiti aliyemlea na kumlinda kwa miaka mingi, alikuwa ameshaondoka. Kiti chake sasa kilikaliwa na Dk. Don Duffy, ambaye hakuona sababu ya kocha kuwa na sauti kubwa kuliko ya kamati.

Kisha akaondoka Ron Barassi. Hapa lazima tutulie kidogo, kwa sababu bila Barassi kisa hiki hakieleweki. Baba yake, naye akiitwa Ron, alicheza pamoja na Smith katika kikosi cha ubingwa cha 1940, akaenda vitani na kuuawa Tobruk, Libya, mwaka 1941. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alipokuwa kijana, Norm Smith na mkewe walimchukua akaishi nao, katika kibanda cha uani nyumbani kwao. Uwanjani Smith alimtengenezea nafasi ambayo haikuwapo: mtu mwenye nguvu za warefu wa katikati na mbio za wafupi, anayeruhusiwa kuufuata mpira kokote. Barassi akawa nahodha na mchezaji maarufu kuliko wote nchini. Mara tu baada ya ubingwa wa 1964, klabu ya Carlton ikamwita awe kocha na mchezaji kwa pamoja, naye akakubali. Jiji zima lilishtuka. Kwa Smith ilikuwa ni mwana kuhama nyumba, japokuwa hawakugombana.

Hata hivyo Melbourne ilianza msimu wa 1965 kwa kushinda mechi nane mfululizo. Baadaye mambo yakaanza kulegea, ikapoteza hii na ile, lakini timu ilikuwa bado imo katika mbio za kuwania nafasi nne za juu, zile zinazoingia hatua ya mwisho ya mashindano. Kwa hiyo hoja ya matokeo haisimami. Timu iliyoshinda nane za mwanzo haimfukuzi kocha bingwa katikati ya msimu kwa sababu ya kupoteza chache. Kilichogombewa ni madaraka. Kamati ilitaka ijulikane nani anatawala klabu, ikachagua kuionyesha dunia usiku wa kuamkia mechi, kwa karatasi.

Na nani alipewa timu kesho yake? Checker Hughes. Mzee wa miaka 71, mwalimu wa Smith mwenyewe, mtu aliyeheshimiwa na kila upande. Nadhani kamati ilifikiri heshima yake ingefunika aibu. Mechi ilikuwa dhidi ya North Melbourne, timu dhaifu wakati huo, katika uwanja wa Coburg, na Melbourne ilifungwa. Wachezaji walikuwa wamepigwa na butwaa. Baadhi yao walikuwa wameijua habari hiyo kupitia magazeti na redio kama mashabiki wengine.

Ghadhabu kama iliyofuata haikuwa imewahi kuonekana katika mchezo huo. Magazeti yaliweka habari hiyo ukurasa wa mbele, televisheni zikaijadili, wanachama wakaijia juu kamati. Kabla ya juma kwisha, Duffy na wenzake walinywea na Smith akarudishwa kazini. Picha za kupeana mikono zikapigwa.

Kurudishwa huko ndiko sehemu mbaya zaidi ya kisa chote, kwa maoni yangu. Kumfukuza kocha ni kosa linaloweza kusameheka. Klabu hukosea, humleta mwingine, maisha huendelea. Lakini kumfukuza na kumrudisha ndani ya siku chache ni kumwambia kila mchezaji kwamba kamati haina msimamo na kocha hana kinga. Smith alirudi akiwa mtu mwingine. Mwenyewe alijua kwamba waliomrudisha ni wale wale, na wamefanya hivyo kwa kushurutishwa na kelele za mtaani. Timu iliporomoka na kumaliza ya saba kati ya 12. Mwaka uliofuata ilikuwa ya 11. Smith aliachia ngazi mwisho wa msimu wa 1967 akiwa na afya iliyodhoofika, na mwaka 1969 Melbourne ikaburura mkia.

Yeye hakuwa ameishiwa. Alichukuliwa na South Melbourne, klabu maskini ambayo haikuwa imeingia hatua ya mwisho ya mashindano tangu 1945, akaifikisha huko mwaka 1970. (Klabu hiyo ilihamishiwa Sydney mwaka 1982, na ndiyo iliyompa jezi ya kwanza ya ligi kuu Aliir Aliir, kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya.) Smith alifariki dunia Julai 29, 1973, akiwa na miaka 57. Tangu 1979 mchezaji bora wa fainali kuu huvishwa nishani yenye jina lake.

Melbourne ilikaa bila kuingia hatua ya mwisho hadi 1987. Ilicheza fainali kuu mwaka 1988 na kufungwa kwa pointi 96, ikacheza nyingine mwaka 2000 na kufungwa kwa 60. Mwaka 1979 Fitzroy iliwahi kuichapa kwa tofauti ya pointi 190, rekodi ambayo haijavunjwa. Barassi mwenyewe alirudi kuwa kocha kuanzia 1981 hadi 1985, baada ya kuzipa Carlton na North Melbourne ubingwa mara mbili kila moja, na hata yeye akashindwa. Ndipo watu wakaanza kuzungumzia laana ya Norm Smith.

Laana ni maelezo matamu kwa sababu hayamgusi mtu. Ukisema laana, hakuna mjumbe wa kamati anayetakiwa kujibu. Mimi naona jambo la kawaida kabisa: klabu iliyojifunza kwamba tatizo lolote hutatuliwa kwa kumgeukia kocha. Tazama Julai 2011. Geelong iliifunga Melbourne 233 kwa 47, tofauti ya pointi 186. Kesho yake kocha Dean Bailey alifungashiwa virago, na Todd Viney akashika timu kwa muda. Akaletwa Mark Neeld. Huyo katika mechi 33 alishinda tano, akaondolewa Juni 2013, na Neil Craig akashika kwa muda. Kocha baada ya kocha, huku wachezaji wazuri wakikimbia na vijana waliochaguliwa kwa matumaini makubwa wakiharibika.

Aliyeituliza nyumba ni Paul Roos, aliyekuja 2014 akakubali kukaa miaka mitatu na kumwandaa mrithi. Mrithi huyo, Simon Goodwin, alikabidhiwa timu kwa ajili ya msimu wa 2017. Mwaka 2018 aliifikisha hatua ya mwisho, 2019 timu ikaanguka hadi nafasi ya 17, na mara hii uongozi haukumgusa. Septemba 25, 2021, fainali ikiwa imehamishiwa Perth kwa sababu ya korona, Melbourne ilikuwa nyuma kwa pointi 19 dhidi ya Western Bulldogs. Kuanzia hapo ikafunga magoli 16 kati ya 17 yaliyosalia, ikashinda 140 kwa 66. Nishani ya Norm Smith ilimwendea Christian Petracca wa Melbourne. Ulikuwa ubingwa wa 13, miaka 57 baada ya ule wa 12. Barassi aliuona akiwa hai. Alifariki mwaka 2023.

Mtu angedhani Goodwin angepewa kiti cha maisha. Mwaka 2022 na 2023 timu yake iliingia hatua ya mwisho na kutolewa kila mara kwa kupoteza mechi zote mbili, na 2024 ikamaliza ya 14. Julai 2025 ilikuwa mbele ya St Kilda kwa pointi 46 ikiwa imebaki robo moja tu ya mchezo, ikapoteza. Agosti, zikiwa zimebaki mechi tatu, na mkataba wake ukiwa na mwaka mzima mbele, Goodwin akaondolewa. Troy Chaplin alishika timu hadi msimu ulipokwisha.

Tofauti na 1965, safari hii matokeo yalikuwa mabaya kweli, na Goodwin mwenyewe alikaa mbele ya waandishi wa habari akaaga. Nani alikosea, kamati au kocha, tutajua baada ya miaka kadhaa. Mimi ningemwacha amalize mkataba. Uongozi wa Melbourne uliona vinginevyo, na kuanzia msimu wa 2026 kazi hiyo ni ya Steven King, nahodha wa zamani wa Geelong aliyekuwamo kikosini klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa 2007.